Ni Uzee Tu

Jumamosi moja, mwaka juzi, tulikodi matatu tukiwa vijana kumi na wanne wa chama kimoja, tukaenda kutembelea makao ya wazee nje kidogo ya Nairobi. Tulibeba vile ambavyo hubebwa siku zote: unga, mafuta ya kupikia, sabuni za miche, karatasi za shashi, sukari kilo ishirini. Langoni tukaambiwa kwa upole kwamba wengi wa wazee wa hapo wana ugonjwa wa sukari. Tukaangaliana. Tukapiga picha na hiyo sukari hata hivyo.

Katika bweni la akina mama kulikuwa na shosho mmoja ambaye hakugeuka tulipoingia. Alilala akiutazama ukuta. Githeri ya saa sita ilikuwa bado kwenye kistuli, imekauka juu. Nikamsalimia, kimya. Kitu pekee kilichosogea ni vidole vyake, vikitembea polepole juu ya blanketi kama vya mtu anayechambua kitu.

Nilimuuliza mhudumu shosho anaugua nini. Alikuwa mtu mwema, amechoka, yuko peke yake zamu hiyo na wazee zaidi ya ishirini. Akafungua faili akanisomea: presha, sukari, goti la kushoto, macho.

"Na hii ya kukataa chakula? Na kutoongea?"

Akafunga faili. "Hiyo si ugonjwa. Ni uzee tu."

Kabla ya kuondoka tuliomba, tukaimba, tukagawa mikate. Picha zilikuwa mtandaoni kabla hatujafika Roysambu. Lakini maneno yale matatu hayakunitoka. Mwanzoni nilidhani ni ya yule mhudumu, kwamba ni uvivu wake au uchovu wake. Nilipoanza kusoma ndipo nikajua kwamba aliyarithi, jinsi alivyorithi aproni ya mhudumu aliyeacha kazi kabla yake. Yana historia. Sehemu yake moja imetoka London, nyingine imetoka hapa hapa Nairobi, kwenye barabara ya Thika, ndani ya ukuta wa Mathari.

Niruhusu nianzie London.

Mwaka 1834 Uingereza ilipitisha sheria mpya ya maskini. Mtu asiyejiweza angesaidiwa, lakini ndani ya nyumba maalum iliyoitwa nyumba ya kazi, na nyumba hiyo ilifanywa kuwa ya kuchukiza kwa makusudi, ili asiingie ila aliyeshindwa kabisa. Wanaume huku, wanawake kule. Mume na mke walioishi pamoja miaka arobaini walitenganishwa mlangoni. Ilibidi ifike 1847 ndipo sheria ikasema kwamba wenzi waliopita umri wa miaka 60 wasilazimishwe kuachana. Nyumba hizo zilikusudiwa kuwatisha vijana wavivu. Waliozijaza mwishowe ni wazee, juu kijana anaweza kutoroka akatafute kibarua, mzee aende wapi? Hata pensheni ya shilingi 5 kwa wiki ilipoanza kulipwa Januari 1909, kwa maskini waliotimiza miaka 70, waliokuwa wagonjwa sana walibaki kwenye vitanda vyao.

Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, magharibi mwa London, ilikabidhiwa jengo la jirani lililokuwa mojawapo ya hizo wodi za maskini. Vitanda 714. Daktari aliyepewa kazi ya kulisimamia alikuwa mwanamke, Marjory Warren. Alichokuta humo ndicho kinachonirudisha kwa yule shosho. Kulikuwa na watu waliopatwa na kiharusi miaka mingi nyuma wakalazwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuwainua. Viungo vilikuwa vimekauka vikiwa vimekunjwa. Waliochanganyikiwa walilazwa pamoja na wenye akili timamu, na mwenye akili timamu anayesikia mayowe usiku na mchana naye hubadilika. Wengi hawakuwa hata na jina la ugonjwa. Waliandikwa tu kwamba ni wazee wasiopona.

Warren hakuja na dawa mpya. Alimpima kila mmoja, akamtafutia kila mmoja jina la ugonjwa wake, akawatenga kulingana na hali zao. Kuta zikapakwa rangi, pakawekwa vyuma vya kushikilia, na watu wakaanza kufundishwa upya kukaa, kusimama, kuvaa. Wengine waliodhaniwa watakufa humo walirudi nyumbani kwa miguu yao. Katika makala zake mbili zilizosomwa sana na madaktari, ya 1943 na ya 1946, alieleza jambo ambalo leo tunaliona wazi lakini wakati huo halikuwa wazi: mgonjwa anayelazwa bila tumaini la kuamka hupoteza kwanza uhuru wake, kisha heshima yake mbele ya nafsi yake, kisha hamu. Huwa mkali, au mnyamavu. Halafu tunautazama unyamavu huo tunauita umri. Kumbe kitanda kimechangia kuutengeneza.

Mwaka 1947 daktari mwingine wa London, Richard Asher, aliandika makala akiwaonya wenzake juu ya hatari za kitanda kana kwamba anaonya juu ya sumu. Nimewahi kumsomea mjomba wangu muuguzi muhtasari wake. Alicheka, halafu akasema, "Hiyo wangeisoma wodi yetu."

Basi hiyo ndiyo hewa ya London. Sasa turudi nyumbani, miaka ileile.

Nairobi ya ukoloni haikuwa na mpango wowote kwa Mwafrika mzee, na hilo halikuwa sahau. Kipande, kilichoanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilimfanya mwanamume Mwafrika kuwa mgeni wa mji, mwenye kibali cha kufanya kazi tu. Mshahara ulipigwa hesabu ya kapera, hata kama ana mke na watoto watano. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, ile ya Carpenter, ilikiri kwamba mishahara ya Waafrika haikutosha kulea familia. Na uzeeni? Hesabu ilikuwa kwamba atarudi rizavu. Kule kuna mke aliyekuwa akilima miaka yote hiyo, kuna wakwe, kuna mihogo. Hazina ya kitaifa ya akiba ya uzeeni, NSSF, haikuanzishwa hadi 1965, bendera ya wakoloni ikiwa tayari imeshushwa.

Kwa hiyo nyumba ya wazee Waafrika ilikuwepo. Iliitwa rizavu, na aliyeiendesha bila mshahara ni mwanamke.

Sisemi desturi yetu ya kutunza wazazi ni hadithi. Nimelelewa nayo, nimemwona mama yangu akimwogesha mama yake miaka sita bila siku ya mapumziko. Ninachosema ni kwamba desturi hiyo ilisimama juu ya shamba, na shamba likitoka chini yake hutikisika. Wakati wa Hali ya Hatari zaidi ya watu milioni moja wa Kati walihamishwa kwa nguvu wakarundikwa kwenye vijiji vya lazima, na waliporudi wengine walikuta mipaka imeshachorwa upya. Kuna wanaume waliokuja mjini wakiwa na miaka kumi na minane na hawakuwahi kupata pesa ya kurudi nayo. Kuna wanawake ambao hawakuzaa, au walizaa wakazika. Uliza katika makao yoyote ya wazee Nairobi, utasikia hizo hadithi tatu zikijirudia zaidi ya ile tunayopenda kusimulia, ya watoto wabaya walio Marekani.

Na sasa Mathari.

Hospitali ile ilifunguliwa 1910 kama mahali pa kuwafungia wenye wazimu. Mwaka 1938 serikali ya koloni ilimweka John Colin Carothers kuisimamia. Alikuwa daktari wa kawaida, hakuwa amesomea magonjwa ya akili, diploma aliipata baadaye. Alikaa hapo hadi 1950. Alihesabu Waafrika waliokuwa wakiletwa, akaona waliogunduliwa kuwa na sonona ni wachache mno, akahitimisha kwamba Mwafrika ni nadra kupatwa nayo. Sababu aliitafuta ndani ya fuvu: aliandika kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Usidhani maandishi hayo yalibaki kabatini. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na kikasomwa kote. Frantz Fanon ni mmoja wa waliomjibu kwa hasira, miaka michache baadaye.

Lakini hebu tuangalie hesabu yenyewe, kwa sababu hasira bila hesabu haitufikishi mbali. Nani aliyekuwa akipelekwa Mathari miaka hiyo? Aliyevunja duka. Aliyevua nguo sokoni. Aliyempiga chifu. Yaani aliyesumbua watu, akaletwa na askari. Mwanamke mzee anayekaa kizani nyumbani kwake, haongei, hali, hajambo la kumsumbua mtu, nani angempandisha gari la serikali kumpeleka Nairobi? Kupima sonona kwa kusimama lango la Mathari ni kama kuhesabu wenye njaa kwa kusimama mlangoni mwa hoteli.

Waliotoka kwenda vijijini waliona kitu kingine. Huko Ghana, Margaret Field, aliyekuwa ameanza kama mtafiti wa mila kabla ya kusomea udaktari, alikaa kwenye mahekalu ya waganga akisikiliza watu wanakuja na shida gani. Kitabu chake kilitoka 1960. Aliwakuta wanawake wa Akan, wengi wakiwa wa makamo na wazee, waliokuja wenyewe kujishtaki kwamba ni wachawi. Wamewala watoto wao, wameharibu mashamba, hawafai kuishi. Field alitambua kilio hicho. Kilikuwa kilekile cha mgonjwa wa sonona wa Ulaya anayejilaumu kwa dhambi ambazo hakutenda, ila kimevaa nguo za nyumbani. Na mwaka 1979 utafiti uliofanywa katika vijiji viwili vya Uganda ulikuta sonona nyingi kuliko ile ya mtaa mmoja wa London uliopimwa kwa njia ileile.

Nikisoma habari za Field huwa nafikiria Kilifi. Huko, kwa miaka mingi, wazee wenye mvi wamekuwa wakiitwa wachawi na kuuawa, na nyuma ya shtaka mara nyingi kuna shamba ambalo mtoto au mpwa hana subira ya kulirithi. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio la walionusurika. Ni makao ya wazee pia, ingawa hakuna anayeyataja tukizungumzia makao ya wazee. Siwezi kukuambia ni wangapi kati ya walioshtakiwa walianza kwa kujitenga, kuongea peke yao, kukataa chakula. Ninachojua ni kwamba nyanya mwenye huzuni asiyeeleweka huko anaweza kulipa kwa shingo yake, na huku kwetu jijini analipa kwa kufungiwa faili. Bei si sawa, lakini kosa ni lilelile: hakuna aliyeuliza ana nini.

Kuna watakaosema lugha yetu haina neno. Hiyo nayo huwa inanikera. Sonona si neno lililoundwa na wizara. Kusonona kwa Kiswahili cha zamani ni kuuma, na kinachouma kinaweza kuwa mwili au moyo, neno halikubagua. Wazee wetu pia hawabagui. Shosho hatakuambia ana depresheni. Atakuambia mwili wote unauma, kichwa kimejaa moto, moyo unakimbia, usingizi umehama. Daktari kijana ataandika dawa ya maumivu. Wote wawili wamesema ukweli na hawajakutana.

Kukutana kwenyewe ni kazi, tukubali. Magonjwa sugu na sonona hukaa nyumba moja na kuvaliana nguo. Katika kila watu watatu waliopatwa na kiharusi, takriban mmoja hupatwa na sonona. Mwenye sukari yuko hatarini zaidi ya jirani yake asiye nayo. Halafu mwenye sonona huacha kumeza dawa za presha, hali vizuri, hatembei, na ugonjwa wa mwili unapanda, na ukipanda unamshusha zaidi. Mwingine hupoteza kumbukumbu hadi anadhaniwa ana maradhi ya kusahau, kumbe akitibiwa huzuni, akili inarudi. Hilo liliandikwa na madaktari tangu 1961.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1983 Jerome Yesavage na wenzake wa Marekani walichapisha maswali 30 ya ndiyo au la yaliyotungwa kwa ajili ya wazee, na wakayaacha nje makusudi maswali ya usingizi, hamu ya chakula na maumivu. Mgonjwa wa miaka themanini hulala vibaya kwa sababu mia. Wao waliuliza mambo mengine: umeacha vitu ulivyokuwa ukivipenda? Unayaona maisha yako kuwa matupu? Baada ya miaka mitatu ikatoka fupi ya maswali 15. Hayahitaji mashine wala maabara. Yanahitaji mtu wa kukaa kwenye kiti kwa dakika kumi, na hapo ndipo kwetu huwa yanakwamia, kwa yule mhudumu mmoja na zamu yake.

Juu ya karatasi hatuko vibaya. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali, zote mbili. Tangu 2018 mpango wa Inua Jamii umekuwa ukiwalipa waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, pesa ambazo mara nyingi hufika zimechelewa miezi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 waliotimiza miaka 60. Makao ya kuwapokea wasio na mtu ni machache, na mengi yanaendeshwa na kanisa. Nyumba ya Wazee ya Kasarani, kwa mfano, iko mikononi mwa masista wa shirika lililoanza Ufaransa 1839, pale Jeanne Jugan alipompa kikongwe kipofu kitanda chake mwenyewe.

Kinachotushinda zaidi, naona, ni ile sentensi tunayoisema kwa fahari: sisi Waafrika hatupeleki wazazi wetu kwenye makao. Isikilize ukiwa umelala pale bwenini. Kama Waafrika hawapelekwi hapa, wewe uliye hapa ni nani? Nimemsikia mzee mmoja akimwambia mgeni kwamba yeye anangoja tu nyumba yake iezekwe upya, ataondoka mwezi ujao. Ana miaka tisa hapo. Ndugu hawaji kumwona kwa sababu kuja ni kukubali kwamba wamemleta, na yeye halii mbele ya watu kwa sababu kulia ni kukubali kwamba ameachwa. Carothers alisema hatupatwi na huzuni. Sisi tumesema hatuna wazee walioachwa. Sijui yupi kati yetu amewanyamazisha zaidi.

Nilirudi baada ya mwezi, peke yangu, bila sukari. Kuna jaribio la 1976 lililofanywa katika makao ya wazee huko Connecticut na Ellen Langer na Judith Rodin. Wazee wa orofa moja walipewa kila mmoja mmea wa kutunza na kuambiwa maamuzi ya siku ni yao. Wa orofa nyingine walipewa mmea pia, lakini wauguzi ndio waliomwagilia. Wa kwanza walichangamka zaidi. Watu wenyewe hawakufika mia moja, na hesabu zao zimewahi kukosolewa, kwa hivyo sikwenda kama mwanasayansi. Nilikuwa nikikumbuka vile vidole juu ya blanketi, ndiyo maana nilipitia Githurai nikanunua kilo mbili za maharagwe yasiyochambuliwa, nikaazima ungo jikoni.

Niliuweka kitandani, kando ya mkono wake. Sikusema kitu. Mhudumu alisimama mlangoni na faili lake.

Ilichukua muda. Kisha vidole vikaingia. Akaokota jiwe, akalitia mdomoni, akalitema kwenye kiganja, akaligeuza akilitazama kwa jicho lake moja linaloona.

"Umenunua wapi?"

"Githurai, Shosho."

"Wamekuibia." Akaokota lingine. "Mimi nimeuza nafaka Gikomba miaka thelathini na moja. Hata mlevi nisingempimia hizi." Halafu, bila kuinua macho: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia. Akanitajia kijiji cha babu yangu kabla sijakitaja, akaniuliza kama ule mti wa mugumo karibu na mto bado upo. Tulichambua hadi mikono yake ikachoka. Hakula sana jioni hiyo, na wiki iliyofuata nilipopiga simu nikaambiwa amegeukia ukuta tena siku mbili. Lakini mhudumu alisema ameandika kitu kwenye faili, chini ya goti na macho, kwa ajili ya daktari anayekuja Alhamisi, na kwamba shosho ameacha ujumbe: nisirudi na yale ya Githurai, nitafute ya Kitui, na nimletee ungo wake mwenyewe, ule wa jikoni umetoboka.